Punda wa Ilembo na deni la sauti ya bure

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kuniuliza kwenye korido kama nimeacha kuandika au nimeolewa. Hapana jamani. Nilikuwa BTP, mazoezi ya kufundisha, wiki nane nzima, Mpanda mkoani Katavi, kata ya Ilembo. Na kabla hamjaanza: si Ilembo ya kule Mbeya. Rafiki yangu wa chumbani aliniaga akisema nisisahau kumletea viazi, nikamwambia ndugu yangu, huko ninakokwenda mimi ni reli, vumbi na viboko. Viboko wa mtoni, si vya shuleni. (Ingawa vya shuleni navyo havijaisha, hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Leo sitaandika habari za kugombania maji ya kuoga wala za mkaguzi aliyenikuta nimeshika chaki kichwa chini. Nina jambo linanikaa rohoni tangu nirudi hapa Dodoma. Wengi wenu mnapenda kurekodi vichekesho na kuvirusha kwenye makundi yetu, kwa hiyo linawahusu kama linavyonihusu mimi. Vumilieni, ni refu kidogo.

Ilianza hivi. Masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Nilipewa kidato cha pili, mada ya fasihi simulizi, upande wa maigizo. Siku ya kwanza nikafundisha kama nilivyofundishwa: maana ya maigizo, sifa za maigizo, dhima za maigizo, andikeni. Nikageuka ubaoni, nilipogeuka tena nusu ya darasa wamelala macho wazi. Si mnaijua ile hali? Mtu anakutazama lakini hayupo.

Jioni ile nikawaza: hawa watoto maigizo wanayaishi. Wanaingia kibanda umiza kuangalia sinema za Kichina zenye DJ anayetia Kiswahili juu, kazi ile ambayo Lufufu alijulikana nayo sana enzi za kanda za VHS, mtu mmoja akifanya sauti za watu wote na kuongeza chumvi yake. Wengi waliniambia walipokuwa wadogo walikuwa wanaangalia Ubongo Kids, katuni za Kitanzania zinazotengenezwa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014. Nyimbo za hesabu wanazikumbuka mpaka leo. Sasa kwa nini wao wasitengeneze za kwao?

Ndipo tukaanzisha podikasti yetu ya katuni. Jina kubwa, vifaa vidogo. Kisa chenyewe tulikitunga darasani. Mzee Kiboko anaishi Mto Katuma, pale Sitalike, ambapo ukipita na basi unawaona kwa macho yako. Kiangazi kikikolea maji yanakwisha na viboko wanabanana kwenye tope kama abiria wa daladala. Mzee Kiboko anachoka kugombania tope. Anasikia kwamba kuna maji mahali fulani hayakauki, yanaitwa bahari. Basi anafunga safari, anakwenda stesheni ya Mpanda, anapanda treni ya Tabora kupitia Kaliua, na kutoka Tabora aelekee Dar. Njiani anafuatana na Kuku mwenye maneno mengi ambaye hajui kwamba anapelekwa kuwa zawadi ya harusi, na Nyani anayeuza tiketi za bandia. Na stesheni yupo Punda, mbeba mizigo.

Hata historia niliichomeka humo humo. Reli ile ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, si kwa ajili ya abiria. Kwa hiyo Mzee Kiboko anapolalamika kwamba behewa ni jembamba, Kuku anamjibu kwamba reli hii ilitengenezewa mawe, wewe ni wa pili kwa uzito. Hicho kipande alikitunga msichana mmoja ambaye darasani hajawahi kunijibu swali. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Studio yetu ilikuwa stoo ya vitabu. Vitabu vinakula mwangwi, hiyo niliigundua kwa bahati. Simu yangu tuliiweka juu ya rundo la vitabu vya zamani, nikaifunika na soksi safi ili pumzi zisipige. Muungurumo wa treni ulikuwa brashi ya kufulia juu ya kipande cha bati, wanaanza polepole halafu wanaongeza kasi. Honi yake ni mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu ya soda. Kiboko kuingia topeni ni mkono unaozama kwenye beseni la ugali uliolegea. Picha walizichora wenyewe kwenye manila: kila mhusika ana midomo minne, uliofungwa, wa nusu, wa wazi na wa kucheka. Tunapiga picha, nazipanga kwenye programu ya bure ya simuni moja baada ya nyingine kufuata maneno, mdomo unaonekana unaongea. Si katuni ya kushindana na mtu, lakini ikitembea inatembea!

Waliojitokeza walikuwa kumi na mmoja. Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, baada ya vipindi, wakati wenzao wanakimbilia nyumbani. Hakuna maksi, hakuna hela. Malipo yalikuwa maandazi mawili kila mtu, na siku zingine hata hayo hayakuwepo kwa sababu boom lilikuwa limechelewa na mwalimu mwenyewe anakula kwa macho. Hawakuwahi kulalamika. Bodaboda likipita nje tunasimama, jogoo wa jirani akiwika tunasimama, mtu akicheka katikati tunarudia. Sehemu moja ya dakika saba ilituchukua alasiri tatu.

Sasa nafika kwenye penyewe.

Kulikuwa na kijana mmoja wa dawati la nyuma. Jina lake sitalitaja, wala jina la shule. Kwao ni Wasukuma, familia za wafugaji na wakulima ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakihamia huku na ng'ombe wao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, tena cha kupangika, ila kilikuwa na lafudhi ya kwao. Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo r ikija inatoka l. Siku ya kuchagua sauti alisoma mistari michache ya Mzee Kiboko. Wenzake wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikasema pale pale: "Wewe ndiye Punda wetu!"

Na sikuishia hapo. Usiku nilikaa na skripti nikambadilishia maneno. Punda alikuwa mbeba mizigo wa kawaida, nikamfanya mjinga: hajui treni inakwenda upande gani, anamsalimia spika wa stesheni shikamoo. Kisha nikamwandikia mistari yenye r nyingi makusudi. Nilikaa natafuta maneno kama mtu anayechambua mchele: treni, Tabora, daraja, refu, imeharibika. Sentensi nzima ikawa mtego. Jinsi alivyoutamka siandiki hapa, nimeshauandika vya kutosha.

Alikuja, akasoma, watu wakavunjika mbavu. Yeye mwenyewe alitabasamu. Nikajiambia, mwone, anafurahi.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Tukaionyesha darasani kwa simu na spika ndogo ya kuazima, shangwe mpaka walimu wa ofisini wakaja kuchungulia. Wanafunzi wakaniomba niwarushie. Nikarusha kwa mmoja mwenye simu ya kaka yake, baada ya siku mbili ikawa imefika kijiwe cha bodaboda. Nilipita pale nikasikia sauti ya Kuku inatoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Jamani, nilivimba kichwa! Nikajiona mtayarishaji mkubwa.

Jumanne iliyofuata kijana hakuja stoo. Alhamisi hakuja. Darasani akawa yupo lakini mkono haunyooshi, na nikimwita asome anasema anaumwa koo. Wiki nzima koo. Kumbe njiani kuanzia shuleni mpaka kwao kuna watu wanamwita Punda. Watoto wa msingi wanamfuata wanarudia ule mstari wangu. Mstari wangu mimi, niliokaa usiku kuutunga.

Nilimwita nje, chini ya mwembe. Nikamwambia wenzako wanakungoja, wewe ndiye unayechekesha kuliko wote. Akaangalia chini muda mrefu, kisha akasema, kwa adabu kabisa: "Madamu, nyumbani hatuongei hivyo ili kuchekesha."

Nikabaki sina neno. Ningesema nini?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mimi natoka Sumbawanga. Nyote mnajua nimepata taabu gani hapa chuoni. Mwaka wa kwanza nikijitambulisha kwenye semina, kabla sijamaliza jina mtu anauliza kama nimekuja na basi au na ungo. Nikikohoa, mtu anasema jamani tusimuudhi, atatushushia radi. Nacheka, kwa sababu usipocheka unaitwa mtu wa hasira. Mwaka mzima nilikuwa najibu maswali darasani kwa sentensi fupi fupi ili lafudhi yangu isionekane. Kwa hiyo tabasamu la yule kijana nilikuwa nalijua. Ni langu. Nimelivaa miaka miwili. Na bado sikulitambua lilipokuwa usoni kwa mtu mwingine, kwa sababu safari hii waliokuwa wanachekeshwa walikuwa upande wangu.

Hoja yangu sasa. Sisi tunaotengeneza vichekesho vya sauti tuna ugonjwa wa njia ya mkato. Tukitaka mhusika mjinga, hatutungi ujinga wake. Tunamchukulia lafudhi. Mlinzi wa geti anaongea Kimasai, mgeni wa mjini Kisukuma, mbahili Kichaga, binti wa kazi Kigogo, na yule mwerevu anayewashangaa wote anaongea Kiswahili cha Dar. Hesabuni vichekesho vitano mlivyotumiwa wiki hii mniambie kama nasema uongo. Kwenye picha mtu anaweza kuchekesha kwa nguo, kwa kutembea, kwa sura. Kwenye sauti hatuna kingine zaidi ya mdomo, ndiyo maana tunaurukia mdomo wa mtu haraka hivyo.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 1997 mwanaisimu wa Marekani, Rosina Lippi-Green, alitoa kitabu ambacho ndani yake alichambua filamu 24 ndefu za katuni za Disney, wahusika 371. Alikuta kwamba kati ya wahusika wanaoongea Kiingereza cha Kimarekani, wabaya ni kama 20 kwa 100. Kati ya wale wenye lafudhi za wageni, wabaya wanafika kama 40 kwa 100. Yaani mtoto anakua anafundishwa kwa masikio, bila mtu kumwambia neno, kwamba anayeongea tofauti na wewe muogope au mcheke. Kumbukeni ile filamu ya simba ya mwaka 1994 tuliyoipenda wote. Majina wamechukua kwetu, fisi mmoja anaitwa kabisa Shenzi, na sisi tunaojua maana ya neno hilo tulikuwa tunacheka tu.

Mfano mwingine ni Apu, muuza duka mwenye asili ya India kwenye katuni ya The Simpsons. Kwa miaka mingi sauti yake ilifanywa na Hank Azaria, ambaye si Mhindi, na lafudhi ndiyo iliyokuwa kichekesho. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu, ambaye wazazi wake walitoka India, alitoa filamu ya kueleza jinsi watoto wa Kihindi wa Marekani walivyokuwa wanadhihakiwa kwa sauti ile. Mwaka 2020 Azaria aliacha kuifanya. Watu wengi walimkasirikia Kondabolu wakisema ni katuni tu. Katuni tu! Hata mimi ningesema hivyo kabla ya Ilembo.

Najua mtakachonijibu. Nimeshakisikia chumbani kwangu: "Mbona sisi Watanzania tuna utani? Utataka tusitaniane?" Swali zuri, na nimelifikiria tangu Mpanda mpaka hapa, safari ndefu mnaijua.

Utani naupenda na nautetea. Lakini utani una sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, leo ni watani. Mhehe akimtania Mngoni, Mngoni naye anarudisha pale pale, tena kwa nguvu zaidi. Na mtani akifiwa, mtani mwenzake anafika msibani, anachekesha waombolezaji, lakini pia anafanya kazi. Utani ni wa pande mbili na una wajibu ndani yake. Sasa nionyesheni yule kijana alikuwa na nafasi gani ya kunirudishia. Mimi ni mwalimu, yeye mwanafunzi. Mimi nimeandika mistari, yeye anasoma. Na sauti ikishakuwa kwenye simu ya mtu wa bodaboda, haiwezi kujibu. Inarudia ule ule ujinga mara mia, na mwenye sauti yuko njiani anarudi nyumbani peke yake. Huo si utani. Sijui jina lake sahihi, lakini utani si huo.

Halafu kuna hili la kujitolea, ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwigizaji anayelipwa akipewa kipande cha aibu, anaweza kupima: hela hii inatosha kwa aibu hii? Anaweza kudai nyongeza au kukataa mkataba. Wa kujitolea hana mezani kitu cha kupima. Anachopata ni kimoja tu, kuonekana mbele ya wenzake kuwa ni mtu. Nikichukua sauti yake bure halafu nikamrudishia jina la Punda, sijamnyima malipo tu, nimemdai. Amenipa alasiri tatu na koo lake, nami nimemwachia deni la kubeba kila siku njiani.

Ndiyo maana ninaposikia mtu hapa chuoni anasema "nimepata watu wa bure wa kuigiza", nashtuka kidogo. Hakuna watu wa bure. Kuna watu ambao unawalipa kwa kitu kisichohesabika, na kwa sababu hakihesabiki ni rahisi kudhulumu.

Je, kuchekesha bila kuchukua lafudhi ya mtu kunawezekana? Baba yangu hadi leo anasimulia Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania. Kuanzia jina tu unaona kichekesho kinatoka wapi: pwagu hupata pwaguzi, mjanja anakutana na mjanja zaidi yake. Kuna kisa hapo, kuna mtego unaomnasa aliyeutega. Mwingine ni Mkwaju, yule dereva wa lori wa Twende na Wakati, igizo lililoanza Radio Tanzania mwaka 1993. Sisi wa Dodoma tuna habari yake ya pekee: huku lilichelewa mpaka 1995, kwa sababu watafiti walitaka sehemu ambayo watu hawajalisikia ili walinganishe. Mkwaju alikuwa mtu wa kucheka na kusikitikia, ana wanawake kila kituo, na mwisho anapata UKIMWI, huku mkewe Tunu akianza kusimama kwa biashara yake. Upumbavu wa Mkwaju ulikuwa kwenye matendo yake. Ungeweza kuusimulia kwa lafudhi yoyote ya nchi hii na bado ungekuwa upumbavu.

Hicho ndicho kipimo nilichojitengenezea, nawapa bure (hii ni bure ya kweli). Chukua mstari wako wa kuchekesha, mpe mtu mwenye lafudhi nyingine ausome. Ukiendelea kuchekesha, ni mstari mzuri. Ukikauka, basi hukuandika kichekesho, ulimwazima mtu mdomo. Mstari wa reli iliyotengenezewa mawe ukisomwa na yeyote unachekesha. Mstari wangu wa Punda nilijisomea mwenyewe stoo peke yangu. Ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

Kingine: kabla ya kurusha, mwenye sauti aisikilize kwanza, peke yake, na awe na ruhusa ya kusema hapana bila kutoa sababu. Mimi niliwaonyesha darasa zima kwa pamoja. Mbele ya watu sitini wanaoshangilia, nani atasema hapana?

Nilifanya nini? Niliomba radhi. Kwanza chini ya mwembe, kisha mbele ya darasa, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya darasa. Sikumtaja, nilisema nimeandika vibaya na nikaeleza nilivyoandika. Darasa lilikuwa kimya, na wawili watatu walikuwa wanatazama madaftari. Nikaenda kijiwe cha bodaboda, nikawasalimia kaka zangu pale, nikawaomba wafute. Wawili walifuta mbele yangu. Mmoja akaniambia, "Dada, mimi nafuta, lakini nimeshaituma Inyonga na kaka yangu ameituma Kigoma." Ndiyo hivyo. Kilichorushwa hakina kamba ya kukirudishia. Mpaka leo sijui Punda yule amefika wapi, pengine kafika baharini kabla ya Mzee Kiboko.

Sehemu ya pili tuliirekodi bila yeye. Ya tatu alikuja. Hakutaka kusema neno, alitaka kupuliza chupa, awe honi ya treni. Nikasema sawa. Akapuliza vizuri kuliko wote, ile honi ya mbali inayokaribia, mpaka Kuku akasahau mistari yake akisikiliza. Sikujaribu kumshawishi aongee. Nilitamani, lakini nilijizuia.

Siku yangu ya mwisho, wakati naaga, alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaondoka mbio kabla sijaifungua. Ni tukio la podikasti ameliandika mwenyewe, kurasa mbili za daftari. Punda yuko stesheni. Nyani anakuja na mizigo sita, anamwamuru abebe. Punda anauliza bei. Nyani anacheka, anasema tangu lini punda anauliza bei. Punda anakaa chini kwenye reli. Treni inapiga honi, haiwezi kupita. Abiria wanashuka, wanamlaumu Nyani. Mzee Kiboko anachelewa bahari yake. Mazungumzo yanaendelea mpaka Nyani, kwa mara ya kwanza katika kisa chote, anatoa hela ya kweli. Linachekesha, wadau, nawaapia. Nimelisoma mara nyingi na kila mara nacheka sehemu tofauti.

Chini kabisa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Atakayesoma Punda asome kwa sauti yake."

Karatasi ninayo hapa, imekaa ndani ya kitabu cha saikolojia ya elimu ili isichafuke. Nimeshazungumza naye kwa simu ya mama yake, amekubali tulirekodi kwa sharti hilo moja, na alisikilize kwanza yeye kabla ya mtu mwingine. Kwa hiyo natafuta sauti. Nyani nimeshampata, mnamjua ni nani. Kuku atakuwa mimi mwenyewe. Nahitaji Punda. Uwe Mgogo, Mmakonde, Mpemba, Mhaya, Mfipa mwenzangu, yeyote, ilimradi usije na sauti uliyoazima. Tutarekodi Jumamosi jioni chumbani kwetu, tumeshatafuta magodoro ya kuzuia mwangwi.

Malipo ni maandazi mawili. Safari hii nimeshayanunulia unga.

Naomba kuwasilisha. Mwenye la kuniambia aniambie, hata kama ni la kunisema. Alamsiki.